Anayetaka Uzi wa Tano Aununue Mwenyewe

Jumamosi moja mdogo wangu aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akaoga, akapiga pasi shati lake la pekee ambalo kola yake bado nzima, akalitia gitaa lake la besi katika mfuko alioushona kwa shuka kuukuu, tukaondoka. Daladala mbili mpaka kwenye mazoezi ya kwaya moja hapa Dar es Salaam. Jina la kwaya nalihifadhi, kwani sikuja hapa kumchongea mtu. Tulikuwa tumesikia kwamba wanatafuta mpiga besi. Mimi nilimsindikiza kwa kuwa gitaa la besi ni refu, na makonda wetu mnawajua: ukipanda na kitu kinachozidi mwamvuli, unadaiwa nauli ya watu wawili.

Tulifika, tukamwamkia mwalimu wa kwaya. "Marahaba, karibuni sana. Haya kijana, tuone chombo." Mdogo wangu akakitoa chombo, akakifuta kwa mkono wa shati. Mwalimu akainama, akanyoosha kidole, akahesabu kwa sauti kama mtu anayehesabu maembe sokoni: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akasimama wima.

"La nyuzi nne hili. Hapa halitatufaa, mdogo wangu. Sisi tunapigia la nyuzi tano. Ukilipata, njoo, mlango uko wazi."

Basi. Hakumwambia apige hata noti moja. Kijana akalirudisha gitaa katika shuka, akasema asante mwalimu, tukapanda daladala mbili kurudi. Njia nzima hakusema neno. Mimi ndiye niliyesema, na bado sijamaliza, ndiyo maana naandika.

Najua watakuwepo wa kuniuliza: hili ni jarida la hadithi na mashairi, habari za magitaa zimeingiaje? Subirini, tutafika. Kwanza niwape nyama ya jambo lenyewe, kwa sababu nimegundua kuwa wengi wanaoutukuza uzi wa tano hawajui hata ulitoka wapi.

Gitaa la besi la umeme tunalolijua leo lilipata umbo lake mwaka 1951 kule California, Marekani, kwa fundi aitwaye Leo Fender. Yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa, alikuwa fundi wa redio. Kabla yake wapiga besi wengi walikuwa wakihangaika na lile besi la kusimama, kubwa kama kabati la nguo, ambalo ukilisafirisha inakubidi ulitafutie kiti chake. Fender akatengeneza la kuvaa begani, lenye freti ili sauti itoke sawasawa, akaliita Precision. Akaliwekea nyuzi nne zilezile za besi la kusimama: E, A, D na G. Mwaka 1960 akatoa jingine, Jazz Bass. Nyuzi nne tena. Hayo mawili mpaka leo ndiyo yanayoigwa na viwanda vingi duniani.

Sasa uzi wa tano. Mwaka 1965 kampuni ya Fender ilijaribu gitaa la nyuzi tano, lakini uzi ulioongezwa ulikuwa mwembamba, wa juu, wala si wa chini. Halikupata wanunuzi wengi, likaachwa. Huu uzi mnene wa B ya chini, ambao mwalimu wetu aliutafuta kwa kidole, ulianza kuonekana mikononi mwa wapigaji wachache wa Marekani katikati ya miaka ya 1970. Ulikuja kushika kasi miaka ya 1980, na sababu yake ni kinanda. Vinanda vya umeme vya wakati ule vilikuwa vinaweza kushuka chini kuliko E ya gitaa la besi. Wapiga besi wakaona ugali wao unaliwa na mashine. Viwanda vikasikia kilio; mwaka 1987 kwa mfano, kampuni ya Music Man ilitoa StingRay ya nyuzi tano, na wengine wakafuata.

Kwa hiyo uzi wa tano ni dawa ya tatizo fulani: noti zilizokuwa zinahitajika hazikuwepo kwenye gitaa. Noti zenyewe ni ngapi? Hesabu nami. Uzi wa E ukipigwa mtupu unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Uzi wa B unatetemeka kama mara 31. Kati ya hapo pana B, C, C shapu, D na E fleti. Noti tano. Noti nyingine zote unazozipata juu ya uzi ule zilikuwepo tayari kwenye zile nyuzi nne. Mdogo wangu alirudishwa nyumbani kwa ajili ya noti tano, na zile nyingine zote alizonazo hakuna aliyeziulizia.

Mimi siandiki ili kuutukana uzi wa tano. Nikifanya hivyo nitakuwa mwongo. Kanisani wimbo unaanza kwenye C, kiongozi anapandwa na roho, anaupandisha mara moja, mara mbili, mara tatu, na ghafla mko kwenye E fleti. Hapo mwenye nyuzi nne E fleti yake ya chini hana. Itabidi aipige ya juu, oktavu nzima, wakati kinanda kimeshashuka shimoni. Mwenye nyuzi tano anatuliza mkono palepale, anaikuta E fleti kwenye freti ya nne ya uzi wa B, na unaisikia tumboni kabla haijafika sikioni. Nimesimama karibu na mtu anayejua kuutumia uzi ule, na nywele zilinisimama. Hilo nalikubali bila kulazimishwa.

Ila hebu tuwaangalie hao wanaoudai. Jaribu Jumapili moja kumtazama mpiga besi wa nyuzi tano, tazama mkono wa kulia. Wengi wao, nasema wengi na wala si wote, ule uzi mnene wanaupumzishia dole gumba. Ibada nzima dole gumba limekaa pale kama mzee kwenye baraza. Wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, noti za chini kabisa zimeguswa mara mbili, na moja ilikuwa kwa bahati mbaya. Jamani, kama ni mahali pa kupumzishia dole gumba, kipande cha mbao kingetosha.

Halafu kuna spika. Sauti ya mitetemo 31 kwa sekunde si mchezo, inataka spika kubwa, kasha lililotengenezwa kwa hesabu, na ampilifaya yenye misuli. Mahali pengi tunapopiga, besi inachomekwa moja kwa moja kwenye miksa, inatokea kwenye spika zilezile za mhubiri. Spika za namna hiyo hata ile E ya kawaida haziitoi yote. Unachosikia ni ile mitetemo midogo ya juu yake, na sikio lako linamalizia lenyewe lililobaki. Ukishuka mpaka B, kinachopiga besi ni bati la paa. Yule mwalimu spika zake niliziona. Zilikuwa mbili, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Na mtu huyo huyo anahesabu nyuzi!

Na huyu kijana anayeanza, mnajua mnamwambia nini mnapomtaka aanze na tano? Shingo pana zaidi, wakati vidole bado vinatafuta njia. Uzi mmoja zaidi wa kuunyamazisha, maana nyuzi za besi usizozipiga nazo zinavuma zenyewe, na ukiwa mgeni unatoa ngurumo usiyoijua ilikotoka. Na kwenye magitaa ya bei ya chini, ambayo ndiyo tunayoyamudu sisi, ule uzi wa B mara nyingi unalegea, unatoa sauti ya kamba ya kuanikia nguo. Ndiyo sababu baadhi ya viwanda vinaongeza urefu wa uzi unaotetemeka kutoka ile kawaida ya inchi 34 hadi 35, ili uzi ukaze. Lakini hayo ni magitaa ya bei nyingine. La nyuzi tano la bei ya chini linakupa noti tano mbovu, na linakunyang'anya pesa ya kununua nne nzuri.

Hapa kuna wale watakaotaka kunisaidia kwa kunitajia wakubwa. Watasema, mbona James Jamerson, yule wa Motown kule Detroit, alipiga nyimbo zilizotikisa dunia kwa Precision ya nyuzi nne, tena kwa kidole kimoja? Mbona Jaco Pastorius alikuwa na nne tu? Ahsanteni, lakini rungu hilo silitaki. Jamerson alipiga la nyuzi nne kwa sababu ndilo lililokuwa dukani. Kama angekuwa kijana leo, huenda angebeba la tano, sijui wala ninyi hamjui. Hata bendi zetu za dansi, kuanzia NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 hadi Mlimani Park ya mwaka 1978, zama zao besi ilikuwa ya nyuzi nne kwa sababu zama zao ndivyo besi ilivyokuwa. Kuwatumia wazee kuwazuia vijana wasiende mbele ni ulevi uleule wa mwalimu yule, umegeuzwa tu kichwa chini miguu juu.

Nataka mfano mmoja tu, kwa sababu nyingine. Bakithi Kumalo wa Soweto. Mwaka 1986 ilitoka albamu ya Paul Simon iitwayo Graceland, na besi lililomo ndani yake, lile lisilo na freti, linaloteleza kama samaki, wapiga besi wa dunia nzima bado wanalihangaikia. Nyuzi nne. Lakini si nyuzi ninazotaka mziangalie. Kumalo alipoitwa kwenye rekodi hiyo alikuwa anafanya kazi ya ufundi wa magari. Fundi wa magari! Maana yake kuna mtu alimsikiliza fundi wa magari akipiga, akasema huyu aitwe. Angekutana na mtu wa kuhesabu, angerudi uvunguni mwa gari.

Nami nataja ufundi wa magari kwa makusudi. Gitaa la mdogo wangu limetoka gereji. Miezi kumi na minne amepiga msasa milango ya magari ya watu, anarudi jioni mweupe kama aliyetoka kwenye mashine ya kusaga. Shilingi laki mbili na nusu alizozikusanya alimpa jamaa mmoja ambaye bendi yake ilikuwa imesambaratika, naye akapewa gitaa. Baada ya ile Jumamosi tulikwenda Kariakoo kuulizia la nyuzi tano. Bei ya chini kabisa tuliyotajiwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya pesa ile. Piga hesabu mwenyewe ya miezi ya msasa.

Na je, alichotaka mwalimu kisingepatikana kwa njia nyingine? Kingepatikana! Anayetaka D ya chini analegeza uzi wa E kwa sauti moja, kazi ya kugeuza kifungio kidogo tu, bure. Anayetaka E fleti analegeza nusu sauti, bure vilevile. Anayetaka kushuka mpaka B ananunua seti ya nyuzi tano, anafunga zile nne nene kwenye gitaa lake la nyuzi nne, ule mwembamba anautupia kwenye droo. Fundi anapanua kidogo vile vijia vya nyuzi pale juu ya shingo, anairekebisha shingo kwa sababu mvuto umebadilika, kwisha habari. Utapoteza noti kadhaa za juu, lakini mtu aliyesema hataki kingine ila kushuka chini anazitakia nini? Gharama yake ni seti ya nyuzi na soda ya fundi. Mpiga besi yeyote mzoefu anayajua haya. Mwalimu wa kwaya inayotafuta mpiga besi hakuyajua, au aliyajua akayanyamazia. Sijui lipi baya zaidi.

Tuseme hata hivyo kwamba kwaya ile kweli inauhitaji uzi wa tano. Nyimbo zake kweli zinashuka, spika zimetengenezwa, mpira wa baiskeli umetolewa. Sawa. Basi nauliza swali dogo. Yule anayepiga ngoma pale, ngoma alikuja nazo kutoka kwao? Hapana, ni za kwaya. Mpiga kinanda je, anakibeba kinanda kichwani kila Jumamosi? Ni cha kwaya, kilichangiwa, kilinunuliwa, siku ya kukizindua kilipigwa picha. Mhubiri anaambiwa aje na maikrofoni yake? Kwa nini basi mpiga besi peke yake ndiye anayeambiwa aje na chombo chake, tena chenye nyuzi kadhaa, kwa kazi ambayo halipwi hata nauli?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na hapo ndipo ninaposimama hata mkinirushia mawe. Uzi wa tano ukiwa hitaji la kwaya, au la bendi, au la studio, basi ni deni la kwaya, la bendi, la studio. Anayeutaka aununue. Auweke pale ukutani, kijana akija apewe, apige, aondoke auache. Lakini kuuweka mlangoni, ukasema asiye nao asiingie, huko si kutafuta mpiga besi. Unatafuta mtoto wa mwenye pesa, halafu unaomba Mungu akujalie awe anajua na kupiga.

Sasa ninyi waandishi wenzangu mliokuwa mnasinzia, hii sehemu ni yenu. Mnadhani ugonjwa huu ni wa wapiga gitaa? Mshikaji wangu mmoja ana riwaya kichwani mwaka wa tatu huu. Ukimuuliza imefika wapi, anasema anasubiri kompyuta. Mimi nimeandika sura tisa kwenye kaunta buku nne, na nilipozipeleka kwa mtu mmoja anayeheshimika katika mambo haya, alichungulia mwandiko wa kalamu ya wino akasema, "Kijana, hizi ukishazichapa uje." Hakusoma hata sentensi ya kwanza. Alihesabu nyuzi. Kuchapa maskani kwetu ni pesa kwa kila ukurasa, na sura tisa zina kurasa nyingi. Anayetaka kusoma maandishi ya mashine, mimi namwelewa, macho ni yake. Lakini sentensi ya kwanza ilikuwa pale, inasomeka, ilikuwa inamtazama.

Kwa hiyo wewe ambaye leo una pesa mkononi na uko njia panda, hujui uchukue la nne au la tano, nakwambia kama kaka. Kama pesa inatosha la tano zuri, na nyimbo unazopiga zinashuka kweli, na umeshajua kuzinyamazisha zile nne, chukua la tano wala usimsikilize mtu. Usiitwe mzee kabla ya wakati. Lakini kama pesa inatosha la nne zuri au la tano bovu, chukua la nne, leo, usisubiri. Kijana aliyepiga nyuzi nne miaka miwili ukimpa ya tano ataizoea kwa majuma machache. Kijana aliyesubiri ya tano miaka miwili bado hajapiga kitu.

Na ninyi walimu wa kwaya, viongozi wa bendi, wenye studio, nanyi mnaotupokelea miswada yetu: sikilizeni kwanza. Dakika tatu tu. Kijana akiwa hajui, mrudisheni nyumbani kwa sababu hajui, hilo ni haki yenu, na yeye atajua cha kwenda kujifunza. Akirudishwa kwa sababu ya hesabu anajifunza jambo moja tu, kwamba yeye ni maskini. Hilo alikuwa analijua.

Gitaa la mdogo wangu liko nyuma ya mlango, katika shuka lake. Wiki tatu hakuligusa. Jana usiku umeme ulikatika, nikamsikia gizani analitoa, anageuza kifungio, anaulegeza ule uzi wa E polepole mpaka ukafika D. Hakuna ampilifaya, hakuna spika, gitaa la besi bila umeme linasikika kama mtu anayeongea chini ya blanketi. Akapiga noti ile ya chini peke yake, akaiacha ivume mpaka ikafa. Akaipiga tena. Mama chumbani kwake hakusema wazime kelele.

Kijana yupo, gitaa lipo, Jumamosi hana kazi. Anayetaka kumsikiliza na aje. Anayetaka kuhesabu akae kwake. Na mwenye hoja ya kunipinga, kurasa za jarida hili ni zetu sote: achukue kalamu, ya wino au ya mashine, nitamsoma mpaka mwisho.